Nilipoacha nyama niliongezeka kilo 4, nilipoirudisha kidogo nikapungua 18

#1 · Kiuno Kipana

Wadau, salamu kwenu. Mimi ni msomaji wa pembeni, huwa sichangii sana. Ila hii mada ya kupunguza mwili kwa kula mimea inapita kila mara, na kila mara naona watu wanasimulia nusu tu. Wacha mimi nisimulie na ile nusu ya aibu.

Nina miaka 46, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta. Mzani nilikuwa naukwepa kama mtu anayenidai. Siku nilipoupanda ukasoma 104. Urefu wangu ni sentimita 174, kwa hiyo BMI yangu, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ilikuwa juu ya 34, na kuanzia 30 Shirika la Afya Duniani linakuhesabu kuwa na unene uliokithiri. Kwa kweli sikuhitaji hesabu, kamba za viatu zilikuwa zimeshanipa taarifa.

Nikaapa. Nikaacha nyama, samaki, mayai na maziwa siku moja, vyote kwa mpigo. Asubuhi mkate mweupe na siagi ya karanga, chai na sukari yake. Mchana viazi vya kukaanga, maana kiazi si mmea? Jioni wali wa kujaa sahani na mboga zinazoogelea mafutani. Katikati hapo karanga za kutafuna, juisi, na biskuti ambazo pakiti yake imejisifu kwamba hamna kitu cha mnyama ndani. Wiki kumi baadaye: kilo 108.

Mke wangu akaniangalia, akasema: "Wewe hukuacha nyama. Umehamia kwenye karai."

Neno lile lilinizindua. Tukachukua kijiko, tukaanza kupima tunachomimina. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni karibu kilokalori 120. Mboga ya watu wawili nilikuwa naikaangia vijiko vitano. Yaani kabla hujahesabu mboga yenyewe, kuna 600 tayari zimekaa sufuriani zinakusubiri. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga au protini ina 4, na mafuta ya alizeti ni mmea mtupu kwa hiyo mimi nilikuwa sina hatia yoyote!

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limenisaidia kuliko mengine yote. Tumbo halisomi kalori, linasikia ujazo. Gramu 100 za matango ni karibu kilokalori 15. Dengu za kuchemsha uzito huohuo ni karibu 115, na protini gramu 9 ndani yake. Karanga ni karibu 570. Vyote mimea. Mtafiti Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State amefanya kazi miaka mingi juu ya jambo hili: watu huwa wanakula takriban kiasi kilekile cha chakula kwa uzito, hata nishati iliyomo ikibadilika. Ukiwawekea mboga nyingi ndani ya mlo uleule, wanashiba na kalori chache bila hata kushtukia.

Basi nikaanza upya, safari hii bila kiapo. Nusu ya sahani mboga zisizokaangwa, robo maharage au dengu au njegere, robo iliyobaki viazi vya kuchemsha au nafaka isiyokobolewa. Asubuhi uji wa oti na matunda mazima, si juisi. Mafuta kwa kijiko, chupa haiinamishwi juu ya sufuria tena. Nyama nikairudisha mara mbili kwa wiki, vipande vidogo, na nikialikwa kwa watu nakula nilichopewa.

Mwezi wa kwanza zilitoka kilo 5. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa 95. Mwezi wa saba na wa nane mzani uligoma kabisa, nitaeleza mbele. Leo ni mwezi wa 14, niko 90. BMI ni kama 29.7, bado mnene kwa vipimo, lakini kamba za viatu nafunga nimesimama.

Karibuni, ulizeni, na mnaobisha bisheni.

#2 · Nyama Kwanza

Hongera mkuu, kilo 18 si mchezo. Ila usiwapotoshe watu na majani. Ulichofanya ni kupunguza kalori, basi. Mimi nilitoa kilo 11 kwa nyama, mayai na saladi, wanga nikaupiga marufuku. Sikuonja hata punje ya dengu. Kwa hiyo dawa ni ipi, majani au nyama?

#3 · Kiuno Kipana

Nyama Kwanza, wala sibishi. Soma kichwa cha uzi: nilipoacha nyama ndipo nilipovimba.

#4 · Msoma Tafiti

Swali la Nyama Kwanza limeshapimwa, tena vizuri. Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 wodini, matokeo yakatoka 2021. Wiki mbili mlo wa mimea wenye mafuta machache, wiki mbili mlo wa wanyama wenye wanga kidogo sana, kila mtu akapita kote kuwili. Wakaambiwa kuleni mnavyotaka, hakuna wa kuwazuia. Kwenye mlo wa mimea walikula wastani wa kilokalori 689 pungufu kwa siku. Na hawakulalamika njaa kuzidi upande wa pili.

Sasa hapa kuna utamu. Uzito ulishuka kote kuwili, na mzani ulishuka zaidi kwenye mlo wa wanyama. Lakini walipopima mwili umepoteza nini, mafuta ya mwili yalipungua kwa kiwango cha kueleweka kwenye mlo wa mimea tu. Upande wa pili kilichotoka kwa wingi hakikuwa mafuta, sehemu yake kubwa ni maji. Ndiyo maana mtu akiacha wanga anashangilia wiki ya kwanza.

Ila nisikupendelee, Kiuno Kipana. Wiki mbili ni kitu kidogo. Ukienda mwaka mzima, upo utafiti wa Christopher Gardner wa Stanford wa 2018: watu 609, nusu mafuta machache, nusu wanga kidogo. Baada ya miezi 12 kundi la kwanza wastani kilo 5.3, la pili 6.0. Tofauti hiyo kitakwimu si kitu. Na makundi yote mawili yaliambiwa wale mboga kwa wingi, wapunguze sukari na unga uliokobolewa. Kwa hiyo Nyama Kwanza kilo zako 11 ni halali kabisa. Saladi zile, na mkate na soda ulizoacha, nazo zipe sifa yake.

#5 · Nyama Kwanza

Nimekusikia. Lakini hao wa wodini wanapikiwa. Mtu wa kawaida anayejipikia nyumbani je?

#6 · Msoma Tafiti

Upo pia. Gisborne, New Zealand, ulichapishwa 2017. Watu 65 wenye uzito mkubwa na wengine wana kisukari au maradhi ya moyo. Kundi moja likaendelea na matibabu ya kawaida, lingine likaongezewa mlo wa mimea isiyosindikwa. Hakuna kuhesabu kalori, kula mpaka ushibe, mazoezi hayakulazimishwa. Miezi sita wastani kilo 12.1, na baada ya mwaka bado kilo 11.5 zilikuwa hazijarudi. Walikuwa wanajipikia wenyewe.

Siri ambayo wengi wanaoutaja utafiti huu wanaificha: wiki 12 za mwanzo walikuwa wanakutana jioni mara mbili kwa wiki, wanafundishwa kupika na daktari anaongea nao. Msaada wa namna hiyo wengi wetu hatuna. Uzi kama huu ndio mbadala wetu.

#7 · Sauti ya Tumbo

Samahani kwa kuharibu hewa, lakini jina langu linajieleza. Mmeshazungumza kalori, mmeshazungumza New Zealand. Mimi nilianza maharage Jumatatu mchana na jioni, Jumatano ofisini nikawa naomba simu ipigwe ili nitoke nje. Nimeacha. Kilo zangu nimebaki nazo, heshima yangu pia. Hili mnalifanyaje?

#8 · Kiuno Kipana

Nimecheka mpaka machozi. Mimi wiki mbili za mwanzo nililala chumba cha watoto. Mwite Jiko la Pili, yeye ndiye fundi wa mambo hayo.

#9 · Jiko la Pili

Nimeitika. Sauti ya Tumbo, pole kaka, ila kosa ni lako, si la maharage.

Ndani ya maharage kuna sukari fulani ambazo utumbo wetu mwembamba hauna uwezo wa kuzivunja. Zinateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanazipokea kwa shangwe, na gesi ndiyo sherehe yao. Sasa wewe ulikuwa hujawazoesha, ukawaletea karamu mbili kwa siku.

Loweka usiku kucha. Asubuhi maji yale mwaga, usiyaonee huruma, sehemu ya hizo sukari imeyeyukia humo. Suuza, pikia maji mapya. Na usianze na maharage makubwa. Anza na dengu zilizomenywa na kupasuliwa, hizo ni laini kwa tumbo, tena vijiko vitatu vinne kwa mlo, si bakuli. Wiki inayofuata ongeza. Baada ya mwezi mmoja hivi utashangaa tumbo limenyamaza. Na maji ya kunywa ongeza, kwa sababu ukipandisha nyuzinyuzi bila maji, badala ya gesi utapata choo kigumu, na hilo ni uzi mwingine.

Jingine ambalo si la utani: maharage mekundu usiyale hayajaiva vizuri. Yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kwelikweli, maji yakitokota dakika 10 au zaidi. Yale majiko ya umeme yanayopika polepole kwa moto mdogo huwa hayafiki kwenye joto hilo. Chemsha kwanza kwenye sufuria, ndipo uhamishie huko.

Halafu niwaambie wanaume wa uzi huu. Wengi wenu mnasema chakula cha mimea hakina ladha. Ladha ya nyama mnayoikumbuka ni chumvi, kitunguu, na ule wekundu wa kukaangika. Mboga inaweza kupewa hayo yote. Kitunguu kiweke kwenye sufuria kavu yenye moto wa wastani na chumvi kidogo, kikianza kushika chini nyunyizia kijiko cha maji, koroga, kikishika tena nyunyizia tena. Fanya hivyo dakika kumi, usiwe na haraka. Kitakuwa cha hudhurungi na kitamu, na mafuta hujatia. Hapo tia kitunguu saumu, tangawizi, bizari, nyanya zilizopondwa, zikauke mpaka zibadilike rangi. Ndipo dengu ziingie. Mafuta kijiko kimoja weka mwishoni, juu, ulimi uyaone. Yakizama chini mwanzoni hakuna anayeyaonja, unayala bure.

Uyoga nao usiusahau. Ukate vipande vinene, uweke kwenye kikaango cha moto bila kuusongamanisha, usiuguse mpaka upande mmoja uwe mwekundu. Mume wangu aliuliza nyama hii ya nini.

Na kwa walio na familia: usipike sufuria mbili. Nilijaribu, niliacha siku ya nne nikiwa na hasira na kila mtu. Pika sufuria moja ya maharage na mboga, nyama ipike pembeni kidogo, anayetaka ajiwekee juu. Watoto wangu walianza kuichukua kidogo wenyewe.

#10 · Sauti ya Tumbo

Dada, nimenakili yote. Ninaanza na vijiko vitatu. Ofisi itakushukuru.

#11 · Ndoa Mwezi Ujao

Wakuu naombeni msaada wa haraka. Nataka kutoa kilo 10 ndani ya wiki nne. Nikila matunda na majani tu bila kitu kingine inawezekana?

#12 · Kiuno Kipana

Hongera kwa ndoa. Tafuta fundi mzuri akutanulie nguo.

#13 · Muuguzi wa Zamu

Kiuno Kipana acha utani, mtu ameuliza.

Ndoa Mwezi Ujao, kilo zile 5 za mwezi wa kwanza za Kiuno Kipana si mafuta yote. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama 3 za maji. Ukipunguza kula, akiba inatumika, maji yanatoka, mzani unakufurahisha. Baada ya hapo kasi ya nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ni nzuri. Ukila matunda na majani tu utakosa protini, misuli itaondoka pamoja na mafuta, nywele zitakatika miezi miwili mitatu baadaye, na kilo zitarudi kabla picha za harusi hazijachapwa. Anza leo mlo wa kawaida wa maharage na mboga, siku ile utakuwa na kilo tatu nne pungufu na uso wenye afya.

Sasa nimeshaingia, niseme na yaliyonileta, kwa sababu naona watu wanafurahia tu.

Kama unatumia insulini, au vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenclamide na gliclazide, usibadilishe mlo kwa ghafla bila kumwambia daktari wako. Sukari inaweza kushuka haraka kuliko dozi ilivyopangwa, ukaanguka. Vivyo hivyo dawa za presha, uzito ukipungua dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, mboga za kijani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Hakatazwi kuzila, anatakiwa azile kwa kiasi kisichoyumba na kliniki ijue. Mwenye figo dhaifu, maharage, viazi na ndizi vina potasiamu nyingi, huyo asifuate uzi wowote wa mtandaoni, hata huu.

Vitamini B12: mimea haina ya kutegemea. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku. Anayekula nyama, mayai au maziwa kidogo mara kwa mara anaweza kuipata, aliyeacha vyote lazima ameze vidonge au ale vyakula vilivyoongezewa. Ubaya wake ni kwamba ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo unajiona mzima, unatamba, na siku ganzi ya vidole vya miguu inapoanza mishipa ya fahamu imeshaumia. Metformin nayo hupunguza ufyonzaji wa B12. Mwenye kisukari anayeitumia na akaacha vyakula vya wanyama ana sababu mbili za kupima.

Madini ya chuma ya kwenye mimea huingia mwilini kwa shida. Kamulia ndimu, au kula na nyanya au chungwa. Chai na kahawa ziache mpaka lisaa lipite baada ya kula, zinayafunga.

Na mifupa. Uingereza kuna utafiti unaofuatilia watu karibu 55,000, matokeo ya 2020 yalionyesha walioacha vyakula vyote vya wanyama walikuwa na mivunjiko ya mifupa 43% zaidi ya walaji nyama. Wembamba wao na uchache wa kalsiamu na protini vinachangia, ingawa havielezi tofauti yote. Kula soya, kunywa maziwa ya soya yaliyoongezewa kalsiamu, beba vitu vizito. Nimemaliza, zamu inaanza.

#14 · Kiuno Kipana

Muuguzi, asante, nanyamaza. Kweli B12 nilipima kwa sababu ya mtu kama wewe. Ilikuwa chini ya kawaida kidogo, nikaandikiwa vidonge.

#15 · Kifua Wazi

Swali la aibu kidogo. Soya si inaota matiti kwa wanaume? Nimeacha kwa sababu hiyo.

#16 · Msoma Tafiti

Soya ina kemikali za mimea zinazofanana na estrojeni kwa umbo, hofu imetoka hapo. Tafiti nyingi zilizokusanywa na kuchambuliwa pamoja hazijaona kwamba kula soya kunashusha homoni za kiume. Kitambi kwa upande mwingine kinazishusha. Rudi kwenye soya yako.

#17 · Ngazi Tatu

Mimi nimekwama. Mwezi wa tano sasa nakula hivyohivyo anavyosema Kiuno Kipana, mzani hausogei. Kilo 8 zilitoka mwanzo, basi. Ulisema ungeeleza ya mwezi wa saba.

#18 · Kiuno Kipana

Ngazi Tatu, nilisahau kabisa, niwie radhi.

Mambo mawili. La kwanza ni la haki: mwili wa kilo 95 hauli kuni sawa na wa kilo 108. Chakula kilekile kilichokuwa kinakupunguza sasa kinakutosha tu. Hapo hujakosea chochote.

La pili ni la kwangu binafsi, na nilijidanganya wiki saba nzima. Niliamini mlo wangu haujabadilika. Siku moja nikaamua kuandika kila kinachopita mdomoni, si kwa kukumbuka jioni bali palepale. Wakuu! Kwenye meza ya kazi nina bakuli la karanga, "za afya". Kila nikipita nachota. Gramu 30 tu, kiganja kimoja kisichojaa, ni karibu kilokalori 170. Mimi nilikuwa nachota mara tatu nne kwa siku. Parachichi nalo, zima kila jioni. Na chupa ya mafuta ilikuwa imeanza tena kuinama juu ya sufuria, kijiko kikiwa hapo pembeni kama shahidi.

Sijasema karanga na parachichi ni vibaya. Ni vyakula bora sana. Nimeviacha kwenye mlo, nimeviondoa kwenye meza ya kazi. Karanga nazinyunyiza juu ya mboga, kijiko kimoja, nazionja kuliko nilipokuwa nazitafuna bila akili.

Nikaongeza protini pia, asubuhi zisizo za uji dengu kwenye mkate badala ya siagi ya karanga, na kutembea dakika 40 jioni. Na dambeli mara tatu kwa wiki, hizo kwa ajili ya misuli, mzani hauzijui. Mwezi wa tisa ukaanza tena kushuka, polepole, chini ya kilo kwa mwezi.

#19 · Ngazi Tatu

Nimeandika siku tatu kama ulivyosema. Si karanga. Ni juisi. Ninakamua mwenyewe machungwa matano asubuhi na jioni. Nilidhani ni matunda.

#20 · Jiko la Pili

Machungwa matano kwa mkao mmoja, jaribu kuyala uone kama utafika la tatu. Glasi inakuondolea kutafuna, na nyuzinyuzi umezitupa kwenye chujio.

#21 · Mnunuzi Mvivu

Mimi sipiki. Kuna soseji za mimea, baga za mimea, vijiti vya kuku visivyo na kuku. Nikila hizo si ni mlemle?

#22 · Msoma Tafiti

Hall huyohuyo wa #4, mwaka 2019. Watu 20 tena, wiki mbili vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida, na vilivyowekwa mezani vililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kula utakavyo. Kwenye vilivyosindikwa walikula kama kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka kilo 0.9. Kwenye vya kawaida wakapungua kilo 0.9. Na walivila kwa kasi zaidi, maana ni laini, havihitaji kutafunwa.

Watafiti wa Harvard nao mwaka 2017 waliugawa ulaji wa mimea mafungu mawili. Nafaka zisizokobolewa, mikunde, mboga, matunda: hatari ya maradhi ya moyo ilikuwa chini. Vinywaji vya sukari, unga mweupe, vitamutamu, viazi vya kukaanga: hatari ilikuwa juu. Na wote hao wangeweza kukujibu kwamba wanakula mimea.

Soseji ya mimea mara moja moja si dhambi. Ila kama hupiki kabisa, maharage ya kopo yaliyosuuzwa, mboga za kugandishwa, mkate wa ngano nzima. Dakika sita, bila jiko kubwa.

#23 · Mnunuzi Mvivu

Maharage ya kopo yanaruhusiwa? Mbona hamkusema mapema, nilidhani lazima niloweke.

#24 · Kiazi Kitamu

Naomba kutetea ndugu zangu viazi. Kila mtu anasema vinanenepesha. Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1995 walipima jinsi vyakula 38 vinavyoshibisha, kila kimoja kilokalori 240, mkate mweupe ukapewa alama 100. Kiazi cha kuchemsha kilipata 323, cha kwanza kuliko vyote, kikazipita nyama na samaki. Mwisho wa orodha ilikuwa croissant, ule mkate wa Kifaransa wa siagi, 47. Shida ya kiazi ni marafiki zake.

#25 · Nyama Kwanza

(miezi mitatu baadaye)

Nimerudi, msinizomee.

Baada ya ule ubishi nilijisemea nitajaribu wiki mbili ili nije niwaumbue. Nikaweka dengu kwenye mlo wa mchana siku tatu kwa wiki, nyama ikabaki jioni. Sikuhesabu chochote. Nilichogundua ni saa kumi. Mimi saa kumi ni lazima nitafute kitu cha kutafuna, nimekuwa hivyo tangu nianze kazi. Siku za dengu saa kumi inapita nashtukia ni saa kumi na mbili. Sikuamini, nikabadilisha siku nione kama ni bahati. Ni dengu.

Zimetoka kilo 3 juu ya zile 11. Jina langu sibadilishi, nyama bado naila. Ila nina shida moja, dengu zangu kila nikipika zinabaki ngumu katikati, hata zikikaa jikoni saa nzima. Jiko la Pili upo?

#26 · Jiko la Pili

Nipo. Nyanya unaweka saa ngapi?

#27 · Nyama Kwanza

Mwanzoni, pamoja na ndimu. Napenda chachu.

#28 · Jiko la Pili

Hapo hapo. Chachu inazizuia zisilainike. Kikombe kimoja cha dengu, vitatu vya maji, funika, moto mdogo. Zikishapondeka kati ya vidole ndipo nyanya iingie. Ndimu kamulia mezani.